Sinema za Krismasi ni Sinema za Deni

Ukiondoa theluji, kengele na kwaya ya mwisho, sinema za Krismasi zilizodumu karibu zote zinahusu pesa. Nani anamdai nani, nani atatolewa nyumbani, karani analipwa kiasi gani kwa wiki na kwa nini tajiri wake anamnyima hata makaa ya kuota. Ndiyo maana mtu wa Umoja au Kayole, ambaye theluji huiona kwa mbali tu asubuhi mbingu zikiwa safi na Mlima Kenya ukajitokeza, anaweza kuketi mbele ya filamu ya Marekani ya mwaka 1946 na asihitaji kuelezwa mengi. Anajua kwamba Desemba ni mwezi wa kutumia na Januari ni mwezi wa kujibu maswali: karo, kodi ya nyumba, mkopo wa simu. Njaanuari imo ndani ya filamu hizi tangu dakika ya kwanza, ikisubiri mlangoni.

Mvuto wake uko hapo, kwenye hofu ya hesabu. Furaha ya mwisho inagusa kwa sababu kuna sehemu nyeusi iliyoitangulia, na sehemu hiyo ndiyo huharibika kwanza filamu inapoonyeshwa ovyo. Projekta hafifu huimeza, spika mbovu huifanya isieleweke, na mwenye rimoti asiye na subira huiruka. Kwa hiyo nitachanganya mambo mawili hapa, uchaguzi wa filamu na ufungaji wa mitambo, kwa ajili ya yeyote anayetaka kukalisha majirani kwenye uwanja wa ploti au ukumbi wa kanisa baada ya nusu ya mtaa kupanda magari kwenda ushago.

Filamu ya kwanza haina mjadala: It's a Wonderful Life ya Frank Capra. George Bailey, anayechezwa na James Stewart, anaendesha chama kidogo cha akiba na mikopo ya nyumba alichoachiwa na baba yake katika mji wa Bedford Falls. Kwa Mkenya hiyo ni SACCO, basi. Siku ya harusi yake wanachama wanamiminika ofisini kutoa akiba zao zote kwa pamoja, na George anasimama kwenye kaunta kuwaeleza kwamba pesa haziko kwenye sefu. Pesa zako ziko kwenye nyumba ya jirani yako, na za jirani ziko kwenye yako. Sidhani kuna semina ya wanachama iliyowahi kueleza ushirika kwa ufupi na ukali kama huo. Ng'ambo ya barabara, mzee Potter, tajiri wa mji, ananunua hisa za wenye hofu kwa senti 50 kwa kila dola. Mary, bibi harusi, ananyanyua bunda la dola 2,000 za fungate. Zinagawanywa, kila mtu achukue cha kumsukuma siku chache tu, na saa ya kufunga inafika zikiwa zimebaki dola mbili.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Baadaye, mkesha wa Krismasi, amu yake George, mzee Billy mwenye kusahausahau, anapeleka dola 8,000 benki na kuzifunga kwenye gazeti, kisha gazeti lenyewe analikabidhi kwa Potter akimtambia. Potter anaziona, ananyamaza, anazificha. Na mkaguzi wa hesabu yuko ofisini siku hiyohiyo. George anarudi nyumbani, anawafokea watoto, anavunja vitu, anatoka hadi darajani. Malaika Clarence anamwonyesha mji ungekuwaje kama hangezaliwa, na mji huo ni mbaya kwelikweli: baa, madanguro, makaburi, mama asiyemtambua mwanawe. Inachukua muda. Ndipo majirani wanapoingia sebuleni na kumwaga pesa mezani, harambee isiyo na mgeni wa heshima wala orodha ya kusomwa.

Wanaoitaja filamu hii kuwa tamu hawajaitazama karibuni. Potter hakamatwi. Pesa hazirudishwi. Hakuna hata anayegundua. Capra alimwacha mwizi na mali yake, akaendelea na wimbo.

Kuna jambo la kuchekesha kuhusu umaarufu wake. Ilipotoka Desemba 1946 jijini New York, haikurudisha gharama zake. Iliteuliwa kwa tuzo tano za Oscar ikakosa zote. Mwaka 1974 waliokuwa na haki zake hawakufanya upya usajili wa hakimiliki, na vituo vya televisheni vya Marekani vikagundua kwamba wanaweza kuirusha kila Krismasi bila kulipia picha zake. Wakairusha hadi taifa zima likaikariri. Haki zilikuja kudhibitiwa tena mwaka 1993, kupitia hadithi iliyotumiwa kuitunga na muziki wake, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Yaani fomu moja ambayo haikujazwa ndiyo iliyoifanya mila.

Na ile theluji? Filamu ilipigwa majira ya joto huko California, waigizaji wamevaa makoti mazito, kwa hiyo usimwonee huruma peke yake Santa wa supamaketi anayetoka jasho Moi Avenue. Kabla ya hapo studio nyingi zilitumia nafaka za kifungua kinywa zilizopakwa rangi nyeupe, ambazo zilivunjika chini ya viatu kwa kelele hadi maneno yakalazimika kurekodiwa upya. Fundi Russell Shearman alichanganya povu la kuzimia moto, sukari na maji, likapulizwa kwa feni. Lilianguka kimya. Ndiyo maana pale darajani sauti ya Stewart inasikika ikitetemeka ilivyo, na ndiyo maana nasisitiza spika nzuri.

Kabla ya kuipakia, angalia urefu wa nakala yako. Iliyo kamili ni dakika 130. Ukiona 125 hivi usihofu: ni nakala iliyotengenezwa kwa mfumo wa televisheni wa Ulaya, wa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na sauti hupanda kidogo tu. Ukiona imepungua kwa dakika 20 au zaidi, iache; mtu amekata sehemu ya mji mbaya, na bila hiyo George anaokolewa kutoka kwenye kitu ambacho hatukukiona. Zipo pia nakala zilizotiwa rangi. Ngozi hugeuka chungwa na usiku hugeuka buluu, na kila kivuli alichokipanga mpigapicha hupotea. Onyesha ya nyeusi na nyeupe. Watoto hulalamika kwa dakika kumi, kisha husahau.

Ya pili ni hadithi ya Scrooge, tajiri bahili, iliyotoka kwenye kitabu cha Charles Dickens cha Desemba 1843. Imepigwa filamu mara nyingi mno. Mbili ndizo za kuchagua. Ya mwaka 1951 ya Uingereza, Alastair Sim akiwa Scrooge, ndiyo kali. Sim anacheza mtu aliyeogopa umaskini hadi akawa jiwe, na Nairobi inamfahamu mtu huyo: ni shailoki, yule anayekaa na kitambulisho chako hadi ulipe. Karani wake, Bob Cratchit, analipwa shilingi 15 kwa wiki za Uingereza ya wakati ule, na ana mtoto mgonjwa. Ya pili ni ya mwaka 1992 ya vikaragosi vya Muppet, ambamo Michael Caine anaigiza kwa uzito wote na wala hakonyezi kamera hata mara moja huku akizungumza na chura. Kwa hadhira yenye watoto wengi wa chini ya miaka minane, hii ndiyo. Zote mbili hazifiki dakika 90, jambo ambalo mwenye betri ndogo atalishukuru.

Home Alone ya mwaka 1990 haihitaji kupigiwa debe. Mtoto wa Nairobi anaijua kabla ya kujua jedwali la saba. Ila watu huitazama kwa ajili ya wezi wanaoangukiwa na makopo ya rangi, na wanapuuza nusu yake nzuri zaidi, yaani mama. Familia imesafiri na kumsahau Kevin, mtoto wao, nyumbani; mama yuko Paris, ndege zimejaa, anatoa pesa, saa na hereni zake apate kiti, anakwama Scranton, na hatimaye anapanda gari la wapiga muziki wasio maarufu sana. Aliyewahi kusimama Machakos Country Bus tarehe 23 Desemba nauli ikiwa imepanda mara mbili anamwelewa huyo mama kuliko anavyomwelewa Kevin. Onyo moja: waambie watoto waziwazi kwamba pasi ya nguo ikimwangukia mtu usoni kutoka ghorofani haamki kufukuza mtu. Siku ya pili yake kuna mtoto atakayejaribu.

Miracle on 34th Street ya 1947 ni ya wapenda kesi za mahakamani, na Edmund Gwenn alishinda Oscar kwa kucheza mzee anayedai ndiye Santa mwenyewe. Studio iliitoa miezi ya joto na kuificha Krismasi kwenye matangazo, ili watu waje. White Christmas ya 1954 ina nyimbo nzuri na hadithi nyepesi; iweke nyuma watu wakila.

Wa kanisa watauliza mbona hakuna hori wala mamajusi katika yote haya. Ni kweli, malaika wamo, mtoto hayumo. Filamu ya Jesus ya mwaka 1979 ina sauti ya Kiswahili, lakini ni ya maisha yote ya Yesu na kuzaliwa kunapita haraka. Iweke usiku wake peke yake.

Sasa mitambo.

Jua la Nairobi mwezi Desemba huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza la kutosha huingia kabla ya saa moja. Anza saa moja kamili. Ukianza kumi na mbili na nusu ili watoto walale mapema, dakika ishirini za mwanzo zitaonekana kijivu, na watu watasema projekta ni mbovu.

Na huenda ni mbovu. Projekta za bei rahisi huandikwa lumeni 9,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) kwenye boksi, lakini nambari ya kuaminika ni ile ya ANSI, yaani iliyopimwa kwa kiwango rasmi, ambayo kwa nyingi za hizo ni mia moja au mbili. Filamu za nyeusi na nyeupe zina matukio mengi ya usiku. Kwa picha ya inchi 100 tafuta ANSI 400 hadi 500 angalau. Kama unayo ile ndogo, usiibadilishe, punguza picha. Inchi 60 inayoonekana ni bora kuliko inchi 120 ya ukungu. Picha ya inchi 100 ya upana wa kisasa ni sentimita 221 kwa 125, na kwa projekta ambayo uwiano wake wa umbali ni 1.3 (umbali ukigawanywa kwa upana wa picha) utaiweka karibu mita 2.9 kutoka kwenye shuka. Pima kwa futi kabla ya jioni. Nyaya fupi ndizo huvuruga mpango.

Filamu za kabla ya 1953 karibu zote zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, kwa hiyo kutakuwa na mistari myeusi pande mbili. Iache. Kuna mtu atakuja akushauri uijaze, na ukikubali James Stewart, mtu mwembamba kama mwanzi, atakuwa na mashavu ya bondia. Kwenye menyu chagua umbo halisi, au 4:3.

Shuka moja nyeupe hupitisha mwanga. Weka mbili, au moja na blanketi jeusi nyuma yake. Shona pindo chini, pitisha ufito au bomba la plastiki, funga pembe zote nne. Upepo wa jioni ukiingia kwenye shuka lililofungwa juu tu, picha nzima hutanga kama tanga la dau. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko vyote. Rangi ya mafuta inang'aa na kuacha doa la mwanga katikati. Ukingo wa chini wa picha uwe mita moja kutoka ardhini: watoto kwenye mikeka mbele, viti vya plastiki nyuma, na wale watakaosimama wakae pembeni.

Jambo ambalo wengi hawalijui: Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari, na hewa nyembamba haipoozi mashine vizuri. Projekta nyingi za kampuni kubwa zina mpangilio wa mwinuko wa juu, unaotakiwa kuanzia mita 1,500. Usipouwasha, feni huzunguka kwa kasi ya pwani, joto linapanda, na mashine inajizima yenyewe baada ya saa moja hivi, yaani palepale amu Billy anapopoteza pesa. Ukiuwasha feni itapiga kelele zaidi, kwa hiyo usimkalishe mtu karibu nayo.

Kumbikumbi pia. Mvua za vuli zikichelewa kwisha, kundi zima litaingia kwenye mwanga wa projekta. Washa balbu moja nyeupe yenye nguvu mbali, nyuma ya nyumba, nusu saa kabla ya kuanza, na uzime taa zote zilizo karibu na uwanja.

Sauti huharibu maonyesho mengi kuliko picha. Usitumie Bluetooth: spika nyingi huchelewesha sauti kwa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, na midomo hutangulia maneno. Nunua waya wa aux wa kutosha kufika kando ya shuka, maana sauti ikitoka nyuma ya watazamaji huwachanganya. Punguza besi, ongeza za kati na za juu kidogo. Rekodi za miaka ya 1940 hazina besi ya kuonyesha, na spika ya matanga ikiachwa kwenye mpangilio wake itageuza kila neno kuwa ngurumo. Kwa filamu mpya zaidi kama Home Alone kuna tatizo jingine: nakala nyingi zina njia sita za sauti, na mazungumzo yamewekwa kwenye ile ya katikati. Mashine isipozichanganya, utasikia muziki na vishindo lakini hakuna anayeongea. Ingia kwenye mipangilio, chagua stereo au PCM.

Faili. Flashi diski iliyofomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na projekta nyingi ndogo hazisomi exFAT, mfumo mpya zaidi. Jaribu flashi hiyo kwenye projekta hiyohiyo siku moja kabla. Kufanya kazi kwenye kompyuta si ushahidi. Ukitegemea kutiririsha, ubora wa HD unaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na programu nyingi za filamu huonyesha skrini nyeusi ukijaribu kurusha kutoka kwenye simu, kwa sababu zinazuia kunakili.

Stima ikipotea usianze kutafuta jirani mwenye jenereta. Projekta ya wati 100, spika 40 na kompyuta 60 ni wati 200. Kwa dakika 130 hiyo ni kama wati-saa 430, sema 500 pamoja na maandalizi. Betri ya gari kubwa ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, lakini ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, na inveta itakula kama sehemu ya kumi. Unabaki na 540. Inatosha filamu moja, haitoshi mbili.

Lugha ni kazi yenyewe. Wamarekani wa 1946 wanaongea haraka, na hata anayejua Kiingereza vizuri hupitwa. Manukuu ya Kiingereza yanasaidia. Ipe faili ya manukuu jina lilelile la filamu, zikae kwenye folda moja. Bora zaidi ni mkalimani. Nairobi ina mila yake hapa, na DJ Afro amejenga jina kwa kusimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani, akiongea juu ya kila kitu. Kwa mapigano inafaa. Kwa Capra haifai, kwa sababu watu hawa wanapigana kwa maneno. Mkalimani aitazame mara mbili akiwa na karatasi, aseme kwenye mapengo tu, afupishe sentensi tatu ziwe moja, na ashike maneno yake mapema: akiba, hisa, mdhamini, mkaguzi. Pale darajani anyamaze kabisa.

Asigeuze dola 8,000 ziwe shilingi za leo. Itasikika kama bei ya gari kuukuu. Afadhali atumie hesabu iliyo ndani ya filamu: George anamwambia Potter kwamba hupata dola 45 kwa wiki, yaani 2,340 kwa mwaka. Pesa zilizopotea ni zaidi ya miaka mitatu ya mshahara wake. Ukumbi utashusha pumzi wote.

Mapumziko ya chai yawe baada ya usiku wa harusi, George na Mary wakiwa kwenye nyumba kuukuu inayovuja. Usisimamishe popote kati ya kupotea kwa pesa na harambee, hata chapati zikipoa. Watoto wadogo walioogopa wapelekwe kulala, filamu isirushwe mbele kwa ajili yao.

Kuhusu sheria, kuwaalika wa familia sebuleni ni jambo moja, na kubandika tangazo na kutoza kiingilio ni jingine. Maonyesho ya umma yanaangukia Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ndiyo ya kuuliza. Vilevile akaunti yako ya kutiririsha imelipiwa matumizi ya nyumbani, na mwenye filamu ana haki yake. Wa kanisa na wa shule waulize mapema Novemba. Desemba ofisi nyingi zina watu wachache.

Filamu ikiisha watu watabishana juu ya Potter, kwa nini hakukamatwa. Waache. Kama projekta yako ni ya taa ya zamani, si ya LED, zima kwa kitufe na uache feni izunguke hadi isimame yenyewe kabla ya kuchomoa waya. Taa ikikatiwa upepo ikiwa moto hufa mapema, na taa mpya ni ghali, hasa ukiinunua Januari.